Kutuliza Kipandauso Nyumbani: Hatua za Kufuata Tangu Dalili ya Kwanza Hadi Siku ya Pili

Mwongozo huu unafaa kusomwa siku ambayo kichwa hakiumi. Mtu aliyekwisha kushikwa na kipandauso havumilii mwanga wa kusomea, wala hana subira ya kuchagua tiba moja kati ya kumi. Karibu kila kinachosaidia nyumbani husaidia zaidi kikifanywa mapema, na ili kifanywe mapema ni lazima vifaa viwe vimeandaliwa na uamuzi uwe umekwisha kufikiwa. Kidonge kilekile kinachomezwa maumivu yakiwa bado madogo huweza kuyazima, na kikimezwa jioni, baada ya mgonjwa kujikaza mchana kutwa, kikawa kama hakikumezwa. Kwa sababu hiyo hatua zilizo hapa zimepangwa kwa kufuata saa za ugonjwa wenyewe, wala si kwa kufuata aina za tiba.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba ni kipandauso

Kipandauso ni ugonjwa wa mfumo wa neva unaokuja kwa vipindi, na kati ya kipindi kimoja na kingine mgonjwa huwa mzima. Aghalabu maumivu hushika upande mmoja wa kichwa, hupwita kwa mapigo, huwa ya wastani au makali, na huongezeka mtu anapoinama, anapopanda ngazi au hata anapotembea tu. Huandamana na kichefuchefu au kutapika, na mgonjwa huchukizwa na mwanga, kelele na wakati mwingine harufu. Kwa mtu mzima asiyetumia dawa, kipindi kimoja hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Maumivu ya kawaida yatokanayo na uchovu au mkazo ni tofauti: hukibana kichwa pande zote mbili, hayapwiti, na aghalabu hayamzuii mtu kuendelea na shughuli zake.

Baadhi ya wagonjwa, takribani theluthi moja, hupata pia kile ambacho madaktari hukiita aura. Huona vimulimuli, mistari ya vipembepembe inayometameta au doa lisiloonekana kitu ndani yake, au huhisi ganzi inayopanda polepole kutoka vidoleni hadi shavuni. Aura hujengeka taratibu, hudumu kati ya dakika 5 na 60, kisha hutoweka, na kwa kawaida maumivu ya kichwa hufuata.

Kufahamu kinachotokea ndani ya kichwa kunasaidia kuelewa kwa nini saa ni muhimu. Neva kuu ya uso, iitwayo trijemino, ina matawi yanayozunguka mishipa ya damu katika utando unaofunika ubongo. Neva hiyo ikiamka hutoa kemikali, mojawapo ikijulikana kwa herufi CGRP, ambazo hutanua mishipa ya damu na kukuza maumivu. Muda unavyozidi kupita, seli za neva zilizo ndani zaidi, katika shina la ubongo, nazo huingia katika hali ya kuamka, hata kuchana nywele au kuvaa miwani kukawa ni maumivu. Mgonjwa akifika hapo, dawa nyingi huwa zimekwisha kupungukiwa nguvu.

Kuna maumivu ya kichwa ambayo hayapaswi kutibiwa nyumbani hata kidogo. Nenda hospitali mara moja ikiwa maumivu yamelipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja hivi, kwa namna ambayo hujawahi kuipata. Fanya hivyo pia ikiwa yanaandamana na homa na shingo kukakamaa, kwani hizo ni dalili za homa ya uti wa mgongo. Ikiwa mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki sawasawa au fahamu zinapotea. Ikiwa kuna degedege au kupoteza uwezo wa kuona. Au ikiwa yameanza baada ya kuumia kichwa. Mjamzito aliyepita wiki ya 20, au mwanamke aliyejifungua karibuni, akipata maumivu makali mapya ya kichwa apimwe shinikizo la damu siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ni mwanzo wa kifafa cha mimba. Vilevile mtu aliyezidi miaka 50 ambaye hajawahi kuumwa hivyo maishani, mtu mwenye saratani, na mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka, wasidhani kwamba ni kipandauso mpaka daktari athibitishe.

Hatua ya 1: Andaa vifaa kabla ya siku ya maumivu

Weka pamoja, katika mfuko au sanduku moja, vitu vyote utakavyovihitaji, ili usilazimike kuvitafuta huku umefumba jicho moja. Vitu hivyo ni dawa ya kutuliza maumivu ambayo umekwisha kujua kwamba inakufaa, chupa ya maji, kitambaa cha kufunika macho, vizibo vya masikio, taulo ndogo, mfuko wa kutapikia, tangawizi kavu iliyosagwa, na daftari dogo lenye kalamu. Kama una jokofu, weka humo pakiti ya jeli ya kugandisha au chupa ya plastiki iliyojazwa maji. Pasipo na jokofu, maji ya mtungini au ya bomba na taulo vinatosha, mradi taulo ibadilishwe mara kwa mara.

Dozi nyingine moja ya dawa ibebwe mkobani au mfukoni, kwa maana kipandauso hakisubiri mtu afike nyumbani. Waeleze pia watu unaoishi nao, siku ambayo u mzima, kwamba ukijifungia chumbani hujakasirika wala huhitaji kuulizwa maswali. Unachohitaji ni mtu wa kupunguza sauti ya redio na kuwaangalia watoto. Mazungumzo haya mafupi huokoa mambo mengi, na nashangaa kwamba ni nadra kutajwa pamoja na tiba.

Hatua ya 2: Zijue dalili zinazotangulia

Wagonjwa wengi hupata ishara saa kadhaa, au hata siku moja au mbili, kabla ya kichwa kuanza kuuma. Hupiga miayo bila kuwa na usingizi, shingo hukaza, hukojoa mara nyingi, huwa wepesi wa kukasirika au huzubaa, hushindwa kukaza fikra katika jambo dogo, na wengine hushikwa na hamu kubwa ya kitu kitamu. Kila mtu ana ishara zake, na zikishajulikana hurudi kwa namna ileile.

Hapa kuna kosa la kufikiri ambalo limewanyima watu wengi chakula walichokipenda bila sababu. Mtu hula chokoleti, saa chache baadaye kichwa kinamuuma, naye anahitimisha kwamba chokoleti ndiyo iliyomletea ugonjwa. Mara nyingi mambo huwa kinyume chake: kipindi cha kipandauso kilikuwa kimekwisha kuanza ndani ya ubongo, na hamu ya kula kitamu ilikuwa ni dalili yake ya kwanza. Shingo iliyokaza nayo husingiziwa hivyohivyo, ikadhaniwa kwamba imetokana na mto mbaya, kumbe ni sehemu ya ugonjwa.

Ukiona ishara zako, usingoje kitakachotokea. Kunywa maji, kula kitu ikiwa umepitisha wakati wa mlo, punguza mwanga wa simu na kompyuta, ahirisha kazi inayoweza kuahirishwa, na hakikisha kwamba dawa iko karibu. Wengine huweza kukizuia kipindi kizima kwa mapumziko ya saa moja wakati huu, jambo ambalo haliwezekani tena maumivu yakishapamba moto.

Hatua ya 3: Meza dawa maumivu yakiwa bado madogo

Watu hupenda kuianza orodha ya tiba za nyumbani kwa majani na mafuta, kisha vidonge vikaja mwisho kama jambo la aibu. Kwa maoni yangu mpangilio huo unawaumiza wagonjwa. Dawa za kawaida za kutuliza maumivu, zinazouzwa bila cheti cha daktari, ndizo zenye ushahidi mkubwa kuliko tiba nyingine yoyote ya nyumbani, na zinapaswa kumezwa mara tu maumivu yanapoanza, kwa dozi kamili tangu mwanzo. Kumeza nusu kidonge, kungoja, kisha kumeza nusu nyingine ni kuipoteza ile saa ya kwanza.

Kwa mtu mzima mwenye afya njema kwa mambo mengine, dozi inayotumika ni mojawapo kati ya hizi: ibuprofeni miligramu 400, aspirini miligramu 900, au paracetamoli miligramu 1000. Paracetamoli inaweza kurudiwa baada ya saa 4 hadi 6, lakini isizidi miligramu 4000 kwa siku nzima, na mtu mwenye uzito mdogo, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi anahitaji dozi ndogo kuliko hiyo. Kagua pia dawa za mafua ulizonazo, kwa kuwa nyingi zina paracetamoli ndani yake, na ni rahisi kuizidisha bila kujua. Ibuprofeni na aspirini zisitumiwe na mtu mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba wakati wa kipandauso tumbo nalo hulegea katika kazi yake. Chakula na vidonge hukaa humo kwa muda mrefu badala ya kwenda kwenye utumbo ambako dawa hunyonywa, na hii ni sababu mojawapo ya kidonge kuchelewa kufanya kazi hata kabla mtu hajatapika. Dawa inayoyeyushwa katika maji huingia haraka zaidi kuliko kidonge kikavu. Ikiwa unatapika kila mara mapema, muulize mfamasia au daktari kuhusu dawa ya kuzuia kutapika, ambayo pia hulisaidia tumbo kusukuma kilichomo, au dawa ya kutuliza maumivu inayowekwa njia ya haja kubwa.

Kahawa au chai kali nayo ina nafasi yake, na si hadithi ya mitaani. Kafeini ya takribani miligramu 100, yaani kikombe kimoja cha kahawa, ikitumiwa pamoja na dawa ya kutuliza maumivu huongeza nguvu ya dawa hiyo, na ndiyo sababu baadhi ya vidonge vya kichwa vinavyouzwa dukani vina kafeini ndani yake. Kikombe kimoja kinatosha. Usikinywe jioni kikakunyima usingizi, kwa kuwa usingizi wenyewe ni tiba, na usikifanye kuwa mazoea ya kila siku ya kutwa mara nne au tano, kwani mwili uliozoea kafeini nyingi hulipiza kwa maumivu ya kichwa siku inapokosekana.

Weka mpaka tangu sasa. Mtu anayemeza paracetamoli, ibuprofeni au aspirini siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, hujiweka katika hatari ya kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Kwa vidonge vya mchanganyiko (vyenye dawa zaidi ya moja), kwa triptani, yaani dawa za hospitali zilizotengenezwa mahususi kwa kipandauso, na kwa dawa za jamii ya afyuni kama kodeini, mpaka huo ni siku 10 tu. Ni busara basi kutozidisha siku mbili kwa wiki. Dawa za jamii ya afyuni afadhali ziachwe kabisa kwa ugonjwa huu, kwa kuwa hazitulizi vizuri na huchochea vipindi vingi zaidi.

Hatua ya 4: Giza, ukimya na baridi

Baada ya kumeza dawa, ingia kwenye chumba chenye giza na kimya, ulale au uketi ukiwa umeegemeza kichwa. Mwanga huzidisha maumivu kwa sababu zipo seli katika jicho, hasa zile zinazoamshwa na mwanga wa rangi ya buluu, ambazo mawasiliano yake hufika katika sehemu zilezile za ubongo zinazopokea maumivu ya kipandauso. Ndiyo maana hata kipofu ambaye bado ana seli hizo huweza kusumbuliwa na mwanga. Skrini ya simu hutoa mwanga huo kwa wingi. Iweke mbali, na ukihitaji kumwita mtu, mwite kwa sauti au kwa kugonga ukuta.

Weka baridi juu ya paji la uso, kwenye panja la upande unaouma, au shingoni. Barafu au pakiti ya jeli ifungwe kwa kitambaa ili isiiunguze ngozi, na ikae dakika 15 hadi 20, kisha iondolewe kwa muda kama huo kabla ya kurudishwa. Wagonjwa wengi huona kwamba shingo ndiyo mahali panaposaidia zaidi, kwa kuwa hapo mishipa mikubwa ya damu inayokwenda kichwani hupita karibu na ngozi. Kuna wachache ambao baridi huwazidishia maumivu. Hao watumie taulo ya uvuguvugu kwenye shingo na mabega, hasa kama misuli imekaza. Mwili wako ndio utakaokuamulia, na hakuna haja ya kulazimisha barafu eti kwa kuwa wengi wanaisifu.

Jaribu kulala usingizi. Kwa watoto hasa, usingizi wa saa moja au mbili huweza kukimaliza kipindi chote, na kwa watu wazima pia kuna wanaoamka wakiwa wazima. Usingizi usipokuja, pumua polepole: vuta hewa kwa puani huku tumbo likipanda, itoe taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, na ulegeze taya, kwani watu wenye maumivu huuma meno bila kujijua. Miwani ya jua inafaa unapolazimika kutoka nje, lakini kuivaa ndani ya nyumba siku hadi siku huyazoeza macho giza, na mwanga wa kawaida ukaja kuwa adui mkubwa zaidi.

Hatua ya 5: Tuliza tumbo

Kunywa maji kwa mafunda madogomadogo badala ya kumimina bilauri nzima, ambayo tumbo lililolegea litairudisha. Kama umetapika mara kadhaa, tumia maji yenye chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini. Ukiweza, kula kitu kikavu na chepesi, kama mkate mtupu au wali mweupe, hasa ikiwa kipindi kilianza kwa sababu ya kukaa na njaa.

Tangawizi inastahili maelezo zaidi kuliko mimea mingine. Inajulikana kwa kutuliza kichefuchefu, na imejaribiwa pia dhidi ya kipandauso chenyewe: katika utafiti uliofanywa Iran na kuchapishwa mwaka 2014, watu 100 waligawiwa ama tangawizi ya unga ama sumatriptani, ambayo ni dawa ya hospitali iliyotengenezwa mahususi kwa ugonjwa huu, na baada ya saa mbili nafuu katika makundi mawili ilikaribiana. Utafiti mmoja mdogo hautoshi kumfanya mtu aitupe dawa yake, lakini unatosha kumpa sababu ya kujaribu. Chukua takribani robo ya kijiko cha chai cha unga wa tangawizi, au kipande kibichi chenye urefu wa kidole gumba kilichopondwa, uchemshe katika kikombe cha maji kwa dakika chache, kisha unywe ikiwa vuguvugu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kwanza.

Hatua ya 6: Mambo madogo ya kuongezea

Mafuta ya mnanaa yaliyochanganywa na mafuta ya kula au ya nazi huweza kupakwa kidogo kwenye paji la uso na panja, mbali na macho, na ubaridi wake huwatuliza baadhi ya watu. Yasipakwe kamwe usoni mwa mtoto mchanga. Harufu ya lavenda huwafaa wengine. Lakini kwa kuwa harufu yoyote kali huweza kuzidisha kipandauso, jaribu tone moja kwanza. Kubonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu kutoka mkunjo wa kiganja kuelekea kiwiko, kati ya kano mbili, husaidia kupunguza kichefuchefu. Kukanda shingo na mabega polepole hakuna madhara. Mambo haya yote ni nyongeza. Hakuna hata moja linaloweza kushika nafasi ya hatua ya tatu na ya nne.

Kuna mimea iliyosifiwa sana ambayo ni afadhali kuiepuka. Mmea uitwao kitaalamu Petasites hybridus, ambao vidonge vyake vilikuwa vikipendekezwa hata na vyama vya madaktari, uliondolewa katika mapendekezo hayo nchini Marekani mwaka 2015 kwa sababu ya hatari ya kuharibu ini. Kudondoshea dawa za mimea isiyojulikana puani au machoni ni hatari kubwa zaidi kuliko kipandauso chenyewe.

Hatua ya 7: Ihifadhi siku ya pili

Maumivu yakiondoka, ugonjwa haujaisha. Kwa siku moja, wakati mwingine mbili, mgonjwa huwa amechoka, mzito wa kufikiri, na kichwa huuma kidogo akikitikisa ghafla. Watu wengi hutumia siku hii kufidia kazi zilizolala, wakaruka mlo, wakachelewa kulala, na kipandauso kikarudi. Kula kwa wakati, kunywa maji, tembea taratibu, na uziache kazi nzito hadi kesho yake.

Hatua ya 8: Andika katika daftari

Kwa kila kipindi andika tarehe, saa maumivu yalipoanza na yalipokwisha, ishara zilizotangulia, saa za usingizi za usiku uliopita, milo uliyokula au uliyoiruka, dawa uliyomeza, saa uliyoimeza na matokeo yake baada ya saa mbili. Wanawake waandike pia siku za hedhi, kwa kuwa kushuka kwa homoni ya estrojeni kabla tu ya hedhi ni mojawapo ya sababu zinazojulikana vizuri, na ndiyo sehemu ya maelezo ya kwa nini wanawake huugua kipandauso mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Usiandike vipindi peke yake. Andika pia siku ambazo ulikula chakula unachokishuku na kichwa hakikuuma. Bila siku hizo daftari litamtia hatiani kila mtu na kila kitu. Miezi mitatu ya kumbukumbu za namna hii huonyesha kwamba vichocheo hufanya kazi kwa kujumlishana: usiku mmoja wa usingizi mchache haudhuru, mlo mmoja ulioruka haudhuru, lakini vyote viwili vikiangukia siku ya pili ya hedhi vinatosha. Utaona pia, huenda kwa mshangao, kwamba siku ya mapumziko ni siku mbaya kwa wengi. Siku hiyo mtu hulala kupita kiasi, hunywa kahawa yake kwa kuchelewa, na mkazo wa wiki nzima hushuka kwa ghafla. Kushuka huko, wala si mkazo peke yake, ni kichocheo kinachotambulika.

Hatua ya 9: Punguza idadi ya vipindi

Ubongo wenye kipandauso haupendi mabadiliko. Lala na uamke saa zilezile hata siku za mapumziko, usikae muda mrefu bila kula, na unywe maji ya kutosha. Mvinyo mwekundu na pombe kwa jumla, jibini iliyokomaa na nyama za kusindika huwasumbua baadhi ya watu; viache ikiwa daftari lako limevitaja, lakini usivikate vyote kwa pamoja kwa hofu tu, kwani njaa na mlo usio na mpangilio vina madhara ya hakika zaidi.

Mazoezi ya mwili yana thamani ya dawa. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2011 uliwagawa watu 91 katika makundi matatu: wa kwanza walifanya mazoezi dakika 40 mara tatu kwa wiki, wa pili walifundishwa kulegeza misuli na kutuliza pumzi, na wa tatu walipewa topiramati, dawa ya kuzuia kipandauso. Vipindi vilipungua katika makundi yote, bila tofauti kubwa kati yao, na madhara yalionekana kwa waliotumia dawa pekee. Anza polepole, upashe mwili joto kwanza, na usifanye mazoezi wakati kipindi kimekwisha kuanza.

Virutubisho viwili vina ushahidi wa kuridhisha. Vitamini B2, yaani riboflavini, kwa kiasi cha miligramu 400 kwa siku, ilijaribiwa kwa watu 55 katika utafiti wa mwaka 1998. Baada ya miezi mitatu asilimia 59 ya waliotumia walipungukiwa na siku za maumivu kwa nusu au zaidi, dhidi ya asilimia 15 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Haina madhara makubwa, ila mkojo hugeuka kuwa wa manjano iliyokolea. Magnesiamu, kwa miligramu 400 hadi 600 kwa siku, huwasaidia hasa wenye aura na wenye kipandauso cha hedhi. Huweza kuharisha, na mwenye ugonjwa wa figo asiitumie bila daktari. Mbegu za maboga, karanga, maharage na mboga za majani zina magnesiamu pia, ingawa si kwa kiwango hicho.

Watoto na wajawazito

Kwa mtoto, kipandauso huweza kuwa kifupi, hata saa mbili tu, na kikashika pande zote mbili za kichwa. Mpe giza, maji na usingizi, pamoja na paracetamoli miligramu 15 au ibuprofeni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake. Aspirini asipewe mtoto aliye chini ya miaka 16, kwa sababu ya hatari ya ugonjwa adimu unaoharibu ini na ubongo. Mjamzito atumie paracetamoli, baridi na mapumziko; ibuprofeni isitumiwe kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito, na virutubisho na mimea iliyotajwa juu isianzishwe bila ushauri wa kliniki.

Hatua ya 10: Jua ni lini nyumbani hapatoshi

Mwone daktari ikiwa kipindi kimezidi saa 72, ikiwa aura imezidi saa moja, ikiwa namna ya maumivu imebadilika, au ikiwa unaumwa siku nne au zaidi kwa mwezi. Nenda na daftari lako, kwa kuwa kurasa zake zitamweleza mengi kuliko maelezo ya kukumbukia. Muulize kuhusu triptani, ikiwa dawa za kawaida zimeshindwa hata zilipomezwa mapema, na kuhusu dawa za kila siku za kuzuia vipindi, ambazo ni pamoja na baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Triptani hazimfai mtu mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi, kwa hiyo zisiazimwe kutoka kwa jirani. Mwanamke mwenye aura amweleze daktari kabla ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na ikiwa anavitumia tayari amweleze sasa, kwa maana mambo hayo mawili yakikutana huongeza hatari ya kiharusi, hasa kwa anayevuta sigara, na zipo njia nyingine za uzazi wa mpango zisizo na estrojeni.